Walimu wa UPE

Katika ofisi ya walimu ya shule ninayofundisha kuna utani wa zamani ambao haujafa. Mtu akikosea hesabu ubaoni, au akichanganya tarehe, mwenzake humwuliza, "Wewe nawe ni wa UPE?" Watu hucheka, chai inaendelea. Wengi wanaocheka wamezaliwa miaka ya tisini. Ukiwauliza herufi hizo zilisimamia nini, watakupa ile tafsiri ya mitaani: Ualimu Pasipo Elimu. Wasichokijua ni kwamba wengi wao walifundishwa a, e, i, o, u na mwalimu wa UPE, na wakasoma vizuri tu.

Mimi pia nilikuwa nacheka, tena nikijua kwamba mama yangu mkubwa, dada yake mama, alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na shahada ya ualimu, nikafikiri utani ule haunihusu. Siku moja nilipokwenda kumsalimia Iramba nikamrudia utani huo kama habari ya kuchekesha. Aliitikia kwa kicheko kifupi cha heshima, kile cha mtu aliyekwisha kuusikia mara nyingi, halafu akaniuliza, "Wewe mwanangu, walikufundisha kufundisha kwa muda gani?" Nikamwambia miaka mitatu. Akasema, "Hapana, sikuulizi chuo. Nauliza darasani, mbele ya watoto, na mtu amekaa nyuma anakuangalia." Nikapiga hesabu ya mazoezi ya kufundisha. Yalikuwa majuma machache, na mkufunzi alinitembelea siku za kuhesabika kwa vidole.

"Mimi miaka mitatu," akasema.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya jibu hilo. Nafundisha Historia, na nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu Azimio la Musoma kwa mistari miwili ya nukuu, bila kujua kwamba mistari hiyo miwili ilikuwa imekaa mbele yangu ikinimiminia chai.

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilifuta ada katika shule za msingi. Mwaka uleule Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vilivyopangwa. Watu wakahamishwa, wengine kwa hiari, wengi kwa malori na amri. Mengi yamesemwa juu ya operesheni hiyo na sina la kuongeza, isipokuwa hili: familia zilizokuwa zimetawanyika zikajikuta pamoja, na kwa mara ya kwanza watoto wote wa kijiji wangeweza kuhesabiwa. Walipohesabiwa ikaonekana wazi kwamba karibu nusu ya watoto wa nchi hii walikuwa hawako shuleni.

Mpango uliokuwapo ulikuwa kuwafikia wote ifikapo 1989. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuukata muda huo: watoto wote wawe shuleni ifikapo Novemba 1977. Miaka mitatu. Wakati huo shule za msingi zilikuwa na watoto kama milioni 1.2. Mwaka 1980 walikuwa wamepita milioni 3.

Majengo yangeweza kujengwa kwa nguvu za wananchi, na yalijengwa. Penye uhaba wa majengo kulikuwa na miti. Lakini chukua watoto milioni 1.8 walioongezeka, uwapange 45 kwa kila darasa. Unapata madarasa 40,000, na kila moja linadai mtu wa kusimama mbele yake. Vyuo vya ualimu vya nchi nzima vilikuwa vikitoa walimu elfu chache tu kwa mwaka. Kwa mwendo huo, mtoto aliyeandikishwa 1977 angempata mwalimu wake akiwa na ndevu.

Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa wa kutisha ukiutazama kwa macho ya leo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachaguliwa, wakapewa chaki wafundishe. Ualimu wenyewe wangejifunza wakiwa kazini, kwa muda wa miaka mitatu, bila kuondoka vijijini kwao. Awamu ya kwanza ilianza 1976. Hadi mpango ulipofikia mwisho, mwanzoni mwa miaka ya themanini, zaidi ya vijana 45,000 walikuwa wameingia, na zaidi ya 35,000 wakahitimu.

Mama mkubwa alikuwa na miaka 17. Alimaliza darasa la saba 1974 na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na shule yao yote ilipeleka mvulana mmoja. Miaka miwili alilima mtama na alizeti. Kisha ukaitishwa mkutano wa kijiji, majina ya vijana waliokuwa na alama nzuri na tabia ya kuridhisha yakasomwa, na jina lake likawamo. Anasema babu hakufurahi. Mahari yake ilikuwa imeanza kuzungumzwa.

Darasa lake la kwanza lilikuwa chini ya mkwaju, watoto sitini na kitu, wengine wa miaka saba, wengine wamevuka kumi na miwili. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, yaani mama yangu. Aliambiwa na mwalimu mkuu kwamba mtoto huyo asimwite dada akiwa darasani. Mama anasema alimwita "dada mwalimu" kwa mwaka mzima, na alichapwa kwa ajili hiyo mara moja.

Kazi ilipangwa hivi. Asubuhi alifundisha. Mchana, siku zilizopangwa, alikwenda kwa miguu hadi shule kubwa ya kata iliyofanywa kituo cha mafunzo, wakakutana wenzake wa vijiji vya jirani. Pale kulikuwa na vijitabu vya masomo kwa njia ya posta: ualimu, hesabu, Kiswahili, siasa, na mengineyo. Kulikuwa na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi kwa ajili yao, na hilo halikuwa jambo geni, kwa kuwa kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikuwa imeshaonyesha kwamba redio moja na kikundi cha watu waliokaa kuizunguka vinaweza kuwa darasa. Na kulikuwa na mkufunzi, ambaye alikuwa na baiskeli.

Yote hayo yalikuwa na kasoro zake, na mama mkubwa hazifichi. Kijitabu cha somo la saba kiliwahi kufika kabla ya kile cha nne. Betri za redio zikiisha nguvu zilianikwa juani juu ya bati, zikapata uhai wa robo saa, na mara nyingi robo saa hiyo ilikwisha mtangazaji akiwa katikati ya sentensi. Mara nyingine wanafunzi hao wa ualimu walikaa mbele ya redio iliyokufa, wakabishana mtangazaji angesema nini. Ananiambia mabishano hayo yalimfundisha kuliko vipindi vyenyewe. Sina hakika kama hilo ni kweli au ni utamu wa kumbukumbu.

Kuhusu mkufunzi nina hakika zaidi, kwa sababu daftari lipo. Limeliwa na mchwa pembeni, lakini kurasa za katikati zinasomeka. Mkufunzi alikuwa akifika, anaegemeza baiskeli ukutani, anakaa nyuma pamoja na watoto na kuandika. Baada ya kipindi wanakaa wawili wanasoma alichoandika. Katika ukurasa wa 1977 kuna maneno haya kwa mwandiko wa kulala: "Watoto wamejibu pamoja mara ishirini. Nani kati yao anajua?"

Somo lilikuwa kujumlisha kwa kubeba. Kumi na saba jumlisha kumi na tano. Saba na tano ni kumi na mbili, andika mbili, beba moja. Watoto waliimba hivyo, darasa zima kwa sauti moja. Mkufunzi akamwuliza mama mkubwa, wakiwa peke yao, ile moja inayobebwa ni moja ya nini, na inapelekwa wapi. Hakujua. Alikuwa amebeba moja tangu darasa la pili, amefaulu mtihani wa darasa la saba kwa kubeba moja, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza ni ya nini.

Mkufunzi akaokota vijiti. Akahesabu kumi, akavifunga kwa kamba ya katani. Akahesabu vingine. Wakakaa hapo chini ya mkwaju mwalimu na mwalimu wa mwalimu, wanafunga na kufungua vifurushi vya vijiti hadi jua likapinda. "Nilitaka kulia," aliniambia. "Si kwa aibu. Nilikasirika. Mbona hakuna aliyenionyesha?" Kesho yake kila mtoto alikuja na vijiti vyake na kipande cha kamba.

Nikiwa na mambo yote niliyosoma chuo kikuu kuhusu nadharia za ujifunzaji, sijawahi kukutana na maelezo mazuri zaidi ya kile kinachotokea mwalimu anapojifunza kitu ambacho tayari anakifundisha. Kipo ndani ya lugha yetu, lakini tumekizoea hadi hatukisikii tena. Kufunda, kufunza, kujifunza, kufundisha, fundi, mkufunzi: vyote ni shina moja. Anayejifunza, kwa jinsi neno lenyewe lilivyoundwa, ni mtu anayejifanyia yeye mwenyewe kazi ya kufunza. Na hakuna aliyewahi kushangaa fundi seremala akianza kama msaidizi anayeshika ubao upande wa pili. Kwa mwalimu tu ndipo tunataka ujuzi utangulie kazi, ukamilike, ufungwe kwenye cheti, ndipo aingie darasani, na huko asijifunze tena.

Hata hivyo sitaki kuifanya habari hii kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Kuna watoto waliolipia mafunzo hayo. Kijana wa miaka 17 mbele ya watoto sitini hutawala kwa fimbo, na mama mkubwa alitawala kwa fimbo. Kwa muhula mzima alifundisha kugawanya kwa njia isiyo sahihi, kwa sababu kijitabu husika kilikuwa bado njiani. Mama hadi leo akigawanya namba kubwa hutumia njia yake ya ajabu, yenye mistari na nukta, ambayo huleta jibu sahihi kama mara mbili kati ya tatu. Tukimcheka hujibu, "Mwulizeni dada mwalimu." Wapo vijana walioacha baada ya miezi michache, na wapo waliohitimu bila kumwona mkufunzi ipasavyo kwa sababu kata yao ilikuwa kubwa na baiskeli mbovu. Shule za mijini zilipata walimu waliotoka vyuoni, na vijiji vikapata vijana wao wenyewe. Wazazi waliliona hilo, na nadhani ndipo utani ulipozaliwa.

Mwishoni mwa miaka mitatu walipelekwa chuoni kwa wiki chache za kumalizia. Mama mkubwa alikwenda Kinampanda. Anakumbuka taa za umeme na maktaba, na kwamba walimu wanafunzi wa chuo waliwapisha njiani kama watu wenye upele. Akafanya mitihani, akakaguliwa mara ya mwisho, akapewa Daraja la C.

Mwishoni mwa miaka ya themanini watafiti walilinganisha walimu waliopitia mpango huo na wale waliosomea vyuoni, na matokeo yakachapishwa 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu iliyoko Paris. Waliosoma chuoni walikuwa na nguvu zaidi katika baadhi ya masomo, sayansi ikiwa mojawapo. Lakini kwa ujumla tofauti hazikuwa kubwa kama maneno ya mitaani yalivyodai, na gharama ya kumpata mwalimu mmoja kwa njia ya UPE ilikuwa ndogo zaidi. Sijawahi kukutana na mwalimu wa UPE aliyewahi kuambiwa matokeo hayo. Utani waliusikia wote.

Jambo lililoniumiza katika hadithi ya mama mkubwa linaanzia hapa, baada ya kuhitimu. Nilikuwa nimetarajia aniambie kwamba miaka ile mitatu ilikuwa ya taabu, na iliyofuata ikawa ya afadhali. Aliniambia kinyume chake. Alipopata cheti, mkufunzi hakuja tena. Kazi yake ilikuwa kuwaona wanafunzi, na mama mkubwa sasa alikuwa mwalimu. Kituo cha kata kikageuka kuwa stoo. Redio ikapelekwa kwa mtu wa kuitengeneza na haikurudi.

Sababu za kitaifa zinajulikana. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha, bei ya mafuta ikapanda, ukame nao ukachangia. Katika miaka ya themanini sabuni ilikuwa bidhaa ya foleni, sembuse chaki. Michango ya shule ikarudi. Kisha yakaja masharti ya wakopeshaji, serikali ikabana matumizi, mishahara ya walimu ikayeyuka. Mwalimu mwenye akili alipika maandazi usiku akayauza darasani wakati wa mapumziko. Mama mkubwa aliuza barafu za ukwaju, matunda ya ule mkwaju aliokuwa akifundishia chini yake. Watoto walioandikishwa kwa wingi mwishoni mwa sabini wakaanza kupungua. Lengo la Musoma, ambalo lilikaribia kutimia mwanzoni mwa themanini, likateleza tena kwa miaka ishirini.

Katika kipindi hicho chote aliyeingia darasani mwake kutoka nje alikuwa mkaguzi, naye alikuja mara mbili. Alitazama azimio la kazi na andalio la somo, akaandika "imeonwa", akasaini, akaondoka na kuku. Mama mkubwa alihesabu: kuanzia mwisho wa mafunzo yake hadi mwaka aliotakiwa kurudi kusoma, zaidi ya miaka ishirini ilipita bila mtu yeyote kumwuliza ile moja ni moja ya nini.

Na alipotakiwa kurudi kusoma, haikuwa kwa ajili ya darasa. Ada zilifutwa tena 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000, na kufikia 2005 walikuwa milioni 7.5. Ilikuwa Musoma upya, ila safari hii hakuna aliyesema. Chini ya mpango huo walimu wa madaraja ya chini, B na C, walitakiwa kujiendeleza hadi Daraja la A. Ni shabaha nzuri, na simlaumu aliyeiandika. Lakini njia ya kufika huko ilipita kidato cha nne.

Alikuwa na miaka 44. Alianza na Mtihani wa Maarifa, ule wa watu ambao hawakupita kidato cha pili, ili apate ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akasoma usiku kwa taa ya chemli. Katika chumba cha mtihani, dawati la mbele yake alikaa kijana ambaye alimfundisha darasa la tatu. Kijana akasimama, akamwamkia kwa sauti chumba kizima, "Shikamoo mwalimu." Wote wakageuka kutazama mwalimu ni nani.

Tatizo kubwa lilikuwa Kiingereza. Elimu ya msingi nchini imekuwa ikifundishwa kwa Kiswahili tangu 1967, lakini sekondari ni Kiingereza. Mama mkubwa alikuwa amefundisha sayansi kwa robo karne. Usanisinuru aliujua kwa majani aliyoyachemsha kwenye sufuria pamoja na watoto, kwa iodini aliyoomba zahanati, kwa mche uliofunikwa kopo ukanyauka. Sasa karatasi ya Biolojia ilimwuliza jambo hilohilo kwa lugha ambayo alikuwa ameiacha darasa la saba, nayo ilidai ajibu kwa lugha hiyo. Alichora mmea. Akachora jua na mishale, akaandika maneno ya Kiingereza aliyoyakariri. Hakufaulu mwaka huo. Alifaulu wa pili, akaendelea na masomo ya ualimu kwa njia ya masafa, akapata Daraja la A akiwa anakaribia miaka hamsini.

Nilimwuliza alijifunza nini. Alifikiri kwa muda. "Mzunguko wa damu niliupenda," akasema. "Ule sikuwa naujua vizuri." Halafu akasema, "Mengine nilijifunza kujibu mtihani." Mshahara uliongezeka, na hilo alilisema wazi bila kuona haya. Darasa lake lilikuwa na watoto 110 wakati huo.

Mwaka 2006 nchi ikaingia katika hatua ileile kwa upande wa sekondari. Shule za kata zikajengwa kwa kasi, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Mitaani wakaitwa walimu wa vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu haraka. Mimi nilifundishwa Jiografia na mmoja wao. Niliuliza kama wao walikuwa na mkufunzi wa baiskeli, au kituo cha mchana, au miaka mitatu ya kuangaliwa. Jibu unalijua. Serikali ilikuwa imeikumbuka sehemu ya UPE iliyokuwa ya dharura. Ile iliyokuwa na thamani iliachwa nyuma. Na utani, kama kawaida, ukamwangukia kijana badala ya kumwangukia aliyemtuma peke yake.

Sasa kuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kiunzi chake cha kitaifa kilitolewa 2020. Wazo lake ni kwamba walimu wajifunze shuleni mwao, katika jumuiya za ujifunzaji, wachambue mada zinazowashinda, watembeleane madarasani. Lilipofika shuleni kwetu swali la kwanza lilikuwa, "Kuna posho?" Tumezoea semina za hotelini zenye bahasha, na sitajifanya kwamba mimi sikuuliza. Hakukuwa na posho. Tukawa tunakutana wachache, mara moja kwa wiki baada ya vipindi. Wiki za kwanza tulijaza fomu. Wiki ya nne au ya tano mwalimu wa Hisabati, mtu mzima mwenye shahada, alisema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kuelewa kwa nini hasi mara hasi huwa chanya. Anawaambia tu wanafunzi wakariri. Kimya kikaingia. Kisha mwalimu wa Fizikia akasema hata yeye. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu jioni, mlinzi akinung'unika kwa ajili ya funguo.

Nilimpigia simu mama mkubwa usiku ule nikamweleza. Hakushangaa. Akauliza kama tunaingiliana darasani au tunazungumza tu. Nikamwambia tunazungumza tu, bado watu wanaona haya. "Mimi mtu akikaa nyuma nilikuwa natokwa jasho miaka yote mitatu," akasema. "Jasho halikuisha. Nililizoea." Kisha akaniuliza habari za watoto na mvua.

Wiki iliyofuata nilimwomba mwalimu wa Hisabati aje kukaa nyuma ya darasa langu la kidato cha pili. Somo lilikuwa Azimio la Musoma. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, ambao sitaunukuu hapa.

Mama mkubwa alistaafu Juni 2019, alipotimiza miaka 60, kama walivyostaafu wengi wa awamu yake katika miaka hiyohiyo. Walioingia wakiwa na miaka 17 hadi 20 mwaka 1976 sasa wamekwisha kuondoka wote madarasani. Alifundisha hadi Ijumaa ya mwisho. Hakukuwa na sherehe, kwa sababu shule ilikuwa inafunga na mwalimu mkuu alikuwa safarini. Nilimwuliza alifanya nini siku hiyo. Akasema alimkabidhi darasa lake la nne kijana mmoja aliyekuwa ameajiriwa karibuni, mwenye diploma, kijana mzuri mwenye haraka. Akamwachia azimio la kazi lililojazwa hadi Novemba, maboksi mawili ya vijiti, na maelezo kwamba mada ya sehemu asiende nayo mbio, kwa sababu kuna watoto saba, akamtajia majina yao, ambao wakiulizwa ni ipi kubwa kati ya robo na nusu husema robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko mbili.